Kumhasi Paka: Huruma au Dhuluma?



Mama mmoja wa hapa Rabai alinijia baada ya sala ya Alasiri, mkononi kikapu. Ndani walikuwamo watoto wanne wa paka, macho bado hayajafumbuka. "Shekhe," akaniuliza, "lipi zito mbele ya Mwenyezi Mungu: kumhasi mama yao, au kuwatupa hawa njia ya Mazeras kama tulivyozoea?"

Niliona haya kumjibu upesi. Nilipokuwa mwanafunzi wa chuoni nami nilitumwa kutupa gunia la paka vichakani, na vilio vyao sijavisahau.

Paka ana hadhi katika dini yetu. Mtume (S.A.W.) alitufundisha kwamba si najisi, bali ni katika wanaotuzunguka majumbani. Na katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, mwanamke aliadhibiwa kwa paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Basi anayemtupa mtoto wa paka asiyejiweza na aipime nafsi yake.

Ama kuhasi, sitawaficha: Imamu Nawawi, nguzo ya madhehebu yetu ya Shafii, aliharamisha kumhasi mnyama asiyeliwa. Lakini wako wanazuoni wa zama zetu, akiwamo Sheikh Muhammad bin Uthaymin aliyefariki mwaka 2001, waliosema kwamba paka wakizidi wakawa udhia, na upasuaji usipowadhuru, inajuzu, kwa kuwa ni afadhali kuliko kuwaua. Siku hizi daktari wa mifugo humlaza paka kwa dawa ya usingizi kabla ya kumgusa kwa kisu.

Tazameni hesabu. Paka jike aweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano tu. Hubeba kwa siku 63 hivi, na kwa mwaka aweza kuzaa mara mbili au tatu. Nyumba gani itawalea wote? Jike aliyehasiwa huepukana na usaha wa kizazi, na akihasiwa mapema, kabla ya joto lake la kwanza, hatari ya saratani ya matiti hupungua sana. Dume naye hupunguza kuzurura, kupigana na kurusha mkojo kutani. Wenzetu wa Lamu, mji mashuhuri kwa paka wake, wanayo zahanati ya wanyama inayowahasi paka.

Nilimjibu mama yule: walee hawa wanne mpaka waache kunyonya, uwatafutie majumba, kisha mpeleke mama yao kwa daktari wa mifugo. Anayeshikamana na kauli ya Nawawi asilaumiwe, lakini ajitayarishe kulea kila atakayezaliwa. Kwani kutupa hakuna madhehebu yaliyokuhalalisha.

Wallahu aalam.