Siku Moja Ufukweni: Kushuka Wote, Kurudi Wote



Kila mara masomo yanapofungwa, viongozi wa vijana wanatuuliza swali lile lile: je, tunaweza kuwapeleka vijana ziwani kwa siku moja, waoge, wacheze mpira, wale samaki pamoja, halafu warudi? Tunajibu kwamba ni jambo jema. Yesu mwenyewe aliwaita wanafunzi wake waliochoka waende mahali pa faragha wapumzike, na baada ya ufufuo aliwaandalia chakula kwenye makaa ya moto kando ya ziwa. Vijana wetu wamebeba mizigo mizito miaka hii, na siku ya kucheka na marafiki si dhambi.

Lakini kupumzika kunahitaji ujuzi. Wengi wanafikiri Ziwa Kivu ni la watu wa Goma na Bukavu tu. Si hivyo. Teritware ya Masisi ina ufuko wake: Sake, Kirotshe, Shasha, hadi Bweremana. Walikale haina ufuko. Vijana wake wamekulia kando ya mito ya msituni kama Lowa na Oso. Mtu wa milimani na mtu wa msituni wakifika ziwani, wanaogopa vitu ambavyo havipo, na hawaogopi kile kilichopo. Ndiyo sababu tunaandika.

Mpira ulioingia shimoni

Kabla vita havijaharibu safari za barabara ile, tulishuka Sake na vijana wa makanisa mawili, moja la milima ya Masisi na moja la Walikale. Wa Masisi walibeba viazi vya kuchemsha na fromaji. Wa Walikale walibeba kwanga na mafuta ya mawese. Tulifika mapema, kama saa moja asubuhi, upepo haujaanza kuvuma. Vijana hawakungoja hata sala iishe vizuri, mpira ukawa tayari uwanjani.

Baada ya muda mfupi mpira ulibiringika na kuingia katika bonde dogo, lenye kina kisichozidi urefu wa mtu, kati ya mawe meusi ya volkano. Kijana mmoja wa Walikale akakimbia kuufuata. Mama mzee aliyekuwa anafua nguo karibu akapiga kelele: «We mtoto! Acha uo mupira! Huko kuko mazuku!»

Kijana akasimama ukingoni. «Lakini Mama, uko hapa karibu tu, ninauona.»

«Hata yule ndege alikuwa anaona,» mama akamjibu, akanyosha kidole. Chini ya bonde, hatua chache kutoka kwenye mpira, ndege alikuwa amelala na mabawa wazi. Hakuwa na jeraha lolote.

Tuliuacha mpira pale, tukasogea juu, mbali na bonde. Siku ile iliendelea vizuri, lakini tuliporudi nyumbani tulijua kwamba sisi viongozi tulikuwa tumewaleta watoto wa watu mahali tusipopaelewa. Tungemshukuru mama yule mara mia, deni letu lisingeisha.

Mazuku ni nini?

Mazuku si pepo wala uchawi, ingawa wazee walisema ni upepo mbaya unaoua usiku. Ni gesi kaboniki, ile ile tunayoitoa tunapopumua na ile inayofanya soda itoe povu. Katika hewa ya kawaida iko kidogo sana, kama sehemu 4 katika sehemu 10,000. Lakini nchi yetu imekaa juu ya moto. Chini ya milima ya Nyiragongo na Nyamulagira gesi hiyo inatoka katika miamba iliyoyeyuka, inapanda kupitia nyufa na mawe ya lava, na inatokea juu ya ardhi mahali mahali, hasa upande wa kaskazini wa ziwa: Sake, Mugunga, Lac Vert, Bulengo, hata katika mitaa ya Goma.

Gesi hii ni nzito kuliko hewa, kama mara moja na nusu. Kwa hiyo inatiririka kama maji na kutafuta mahali pa chini: bonde dogo, shimo, mtaro, msingi wa nyumba uliochimbwa, shimo la choo. Usiku na asubuhi mapema, upepo unapokuwa umetulia, inajikusanya humo. Jua likipanda na upepo ukivuma, nyingi inatawanyika, halafu usiku inarudi. Ndiyo maana mahali palipokuwa salama jana saa nane mchana panaweza kuua leo saa moja asubuhi.

Gesi hii haina rangi wala moshi, na pua haiwezi kukuonya. Ikifika sehemu 10 katika 100 za hewa, mtu anaanza kuhema, kichwa kinazunguka, na baada ya dakika chache anaweza kuzimia. Ikizidi hapo, anaanguka upesi sana. Katika baadhi ya mazuku wapimaji wamekuta gesi hii imekuwa zaidi ya nusu ya hewa yote karibu na ardhi. Mtu akivuta pumzi ya namna hiyo, hana muda wa kuita.

Gesi inakaa chini kama maji kwenye beseni. Mtu mzima akisimama, kichwa chake kinaweza kuwa juu yake, asisikie kitu. Mtoto mfupi kichwa chake kiko ndani. Aliyelala kwenye majani yuko ndani. Na anayeinama kuokota mpira anaingiza uso wake ndani mwenyewe.

Rafiki akianguka

Jambo hili ndilo gumu zaidi kwa watu wanaopendana. Rafiki akianguka shimoni, rafiki wa pili anashuka kumvuta, na anaanguka juu yake. Wa tatu anawafuata. Upendo bila ujuzi unaweza kuongeza misiba katika nyumba moja.

Msishuke. Kitambaa chenye maji puani hakisaidii, kwa sababu gesi inapita ndani ya kitambaa kama hewa inavyopita. Moto wa mshumaa si kipimo cha kutegemea, maana gesi inaweza kumdhuru mtu kabla mshumaa haujazimika. Piteni juu, iteni watu, tafuteni kamba au mti mrefu wa kumvutia mtu mkiwa mmesimama ukingoni mahali pa juu penye upepo. Akishatoka, mpelekeni kwenye hewa safi. Kama hapumui, anayejua kumpulizia hewa mdomoni aanze mara moja, huku wengine wakitafuta njia ya hospitali.

Alama za kuangalia ni hizi: ndege, mijusi, panya au mbwa waliokufa chini bila jeraha, majani yaliyokauka katika bonde huku ya juu yakiwa mabichi, na neno la wenyeji. Hii ya mwisho inashinda zote. Kabla ya kuweka vikapu chini, kiongozi amtafute mwenyeji na kumuuliza kwa heshima: «Mama, hapa ni wapi watoto wasifike?» Wenyeji wanajua mashimo yao kama sisi tunavyojua vichaka vyetu.

Na gesi iliyo ndani ya ziwa?

Vijana wengi wamesikia kwamba ziwa lote litalipuka, na wengine wanaogopa hata kutia mguu. Tuseme ukweli wote. Ziwa Kivu lina kina cha karibu mita 480, na ndani ya maji yake ya chini kumeyeyuka gesi nyingi sana: kama kilomita za ujazo 300 za gesi kaboniki na 60 za metani. Inashikwa kule chini na uzito wa maji yaliyo juu yake. Katika Ghuba ya Kabuno, ile iliyo karibu na Sake, maji yenye gesi nyingi yanaanza karibu zaidi na juu, kama mita 12 tu.

Hatari ya gesi hiyo kutoka kwa ghafula ipo, na wataalamu wanaifuatilia. Nchini Kamerun, Ziwa Nyos lilitoa gesi yake usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, na watu karibu 1,700 walikufa. Lakini mtu anayeoga kando ya Ziwa Kivu hakutani na maji yale ya chini kabisa. Hata lava ya Nyiragongo ilipoingia ziwani mnamo Januari 2002, ziwa halikupinduka. Anayeoga ana hatari nyingine zilizo karibu naye zaidi.

Maji yenyewe

Ziwa Kivu halijulikani kuwa na mamba wala viboko, na hilo linawapa watu ujasiri mwingi mno. Kijana aliyejifunza kuogelea mtoni amezoea mkondo unaomsukuma na ng'ambo anayoiona. Ziwani chini panakatika ghafula: hatua tatu maji yako magotini, hatua ya nne hakuna chini. Mawe ya lava yanakata miguu kama kisu. Mchana upepo unaweza kuinua mawimbi, na aliyeenda mbali anachoka akirudi.

Basi wekeni mpaka. Mtu mzima anayejua kuogelea apime kwanza kwa fimbo, halafu asimame pale ambapo maji yanafika kifuani mwake, na asiwepo kijana anayempita. Kila mmoja awe na mwenzake, wawili wawili, kama wanafunzi walivyotumwa. Mmoja akitoka majini, na mwenzake atoke.

Mtumbwi na jile

Siku ile ya Sake, vijana waliomba pia tupande mtumbwi wa injini tuzunguke kidogo. Mwenye mtumbwi alikuwa na jile tano za kuokoa maisha. Sisi tulikuwa zaidi ya 30. Tulikataa, na vijana walinuna hadi wakati wa chakula.

Hatujutii. Tarehe 3 Oktoba 2024 merikebu Merdi iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na Kituku, Goma, mbele ya macho ya watu waliokuwa wanawangoja jamaa zao. Makumi ya watu walikufa. Wengi walikuwa wamepanda majini kwa sababu vita vilikuwa vimeifunga barabara. Wao hawakuwa na njia nyingine. Sisi tunaoenda kutembea tunayo: tunaweza kusema hapana. Kanuni ni rahisi: kama jile hazitoshi watu wote, hakuna anayepanda, hata mchungaji.

Wale ambao ufuko ulikuwa nyumba yao

Hatuandiki kusema ondokeni kesho. Mapigano yalifika Sake na Goma mnamo Januari 2025, na kila kanisa linajua hali ya barabara yake. Pengine mwaka huu vijana wenu wataoga mtoni tu, na siku ya ziwa itangoja.

Lakini wengi kutoka Masisi na Walikale walikwisha kushuka ziwani bila kupanga matembezi. Walikimbia, wakajenga vibanda Bulengo na kandokando yake, juu ya mawe yale yale ya lava. Kwao mazuku hayakuwa habari ya siku moja. Mtoto alilala chini, juu ya mkeka, na chini ndiko gesi inakokaa. Kama una ndugu anayeishi huko, mwambie: usijenge bondeni, inua kitanda hata kwa mawe na mbao, usiingie katika shimo la choo lililochimbwa jana bila kuuliza, na uwaonyeshe watoto mahali ambapo wanyama hufa. Maneno haya yanaweza kusemwa katika mkutano wa wamama, katika shule ya Jumapili, au kwenye simu.

Neno la mwisho ni kwa viongozi wa vijana. Andikeni majina kabla ya kuondoka. Hesabuni mkifika, hesabuni kabla ya kula, hesabuni kila mara watu wanapotoka majini, na hesabuni tena kabla ya gari kuwashwa. Yule mchungaji wa mfano wa Bwana wetu mwenye kondoo mia alijua kwamba mmoja amepotea kwa sababu alikuwa amehesabu. Wazazi wanapotukabidhi watoto asubuhi, wanataka kitu kimoja jioni: hesabu ile ile.

Mpira wetu haukurudi kutoka Sake. Vijana walirudi wote.