Tone la Wino Hupimwa Kabla ya Kurushwa

Iwapo umewahi kuchapisha picha ya mtoto au barua ya maombi ya kazi katika duka la vifaa vya ofisi mjini Tarime, Sirari au Mugumu, yawezekana ulikabidhiwa karatasi yenye mistari myeupe, au herufi zilizozungukwa na ukungu wa vidoa. Mteja humlaumu mwenye duka, naye mwenye duka huilaumu printa. Mara nyingi asili ya kasoro hiyo imo katika kitu kidogo mno: tone moja la wino.

Printa za wino wa maji hazigongi karatasi kama ilivyofanya taipu. Hurusha matone kupitia matundu yaliyo membamba kuliko unywele. Tone moja laweza kuwa na ujazo wa pikolita chache tu, na lita moja ina pikolita trilioni moja. Kwa matone ya pikolita 10, mililita moja ya wino hutoa matone milioni 100. Kila tundu huweza kurusha maelfu ya matone kwa sekunde, nayo huruka kwa mwendo wa mita 5 hadi 10 hivi kwa sekunde.

Nguvu ya kuyarusha hupatikana kwa njia mbili. Mwaka 1977, Ichiro Endo, mtafiti wa kampuni ya Canon nchini Japani, aliona wino ukichupa kutoka katika sindano iliyoguswa na chuma cha moto cha kulehemea. Kutokana na tukio hilo ilizaliwa printa ambayo huupasha wino joto ghafla, kiputo cha mvuke kikatokea na kuusukuma nje. Njia ya pili hutumia kipande kinachobadili umbo kila kinapopata umeme, kikaukamua wino kama mkono ukamuavyo chuchu ya ng'ombe.

Lakini kuusukuma wino ni kazi moja, na kupata tone safi ni kazi nyingine. Fungua bomba la maji kidogo tu, utaona uzi wa maji ukikatika na kuwa matone. Mwanasayansi wa Uingereza, Lord Rayleigh, alilieleza jambo hilo kwa hesabu mwaka 1878. Uso wa maji hujivuta kama ngozi iliyokazwa, na kwa kujivuta huko huukata uzi vipande. Sasa mimina uji mzito: uzi wake hurefuka na hukawia kukatika. Wino nao uko hivyo. Ukiwa mzito kupita kiasi, tone halitoki. Ukiwa mwepesi kupita kiasi, mkia wa tone hukatika na kuzaa vitone vidogo vinavyotua kando ya herufi. Hao ndio wazazi wa ule ukungu wa vidoa.

Basi kipimo kilicho sawa kitapatikanaje? Zamani ilibidi kutengeneza tundu, kuchanganya wino, kujaribu, kuharibu na kuanza upya. Siku hizi jaribio huanzia ndani ya kompyuta, kwa kuigiza jambo kwa hesabu kabla ya kulitenda.

Maarifa haya si mageni katika Mkoa wa Mara. Watafiti walifuatilia visa vya kichaa cha mbwa katika wilaya za Serengeti na Ngorongoro kati ya mwaka 2002 na 2006, wakaandika mnyama gani alimwambukiza yupi. Kwa takwimu hizo waliigiza mwenendo wa ugonjwa katika kompyuta, na matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2009, yalitia nguvu shabaha ya kuchanja asilimia 70 ya mbwa. Haingefaa kuacha ugonjwa uenee vijijini ili kujua ni chanjo kiasi gani ingeuzuia. Kompyuta ilibeba jaribio hilo.

Kwa tone la wino njia ni ile ile. Nafasi iliyo ndani na mbele ya tundu hugawanywa katika vyumba vidogo vingi. Katika kila chumba kompyuta hukokotoa kasi, shinikizo na kiasi cha wino, kisha husogeza saa mbele kwa kipande cha muda kilicho kifupi kuliko sehemu ya milioni ya sekunde, na kukokotoa tena. Mwaka 1984, J. E. Fromm wa kampuni ya IBM alichapisha hesabu za aina hiyo kuhusu tone la printa. Kutokana na kazi yake na ya waliomfuata, wahandisi wengi huongozwa na kipimo kiitwacho Z, kinacholinganisha mvuto wa uso wa wino na uzito wake. Kwa kawaida tone jema hupatikana kipimo hicho kikiwa kati ya 1 na 10. Mhandisi hubadili upana wa tundu, nguvu ya umeme au mchanganyiko wa wino, akatazama tone likizaliwa kwenye kioo cha kompyuta. Mwishowe hulinganisha na picha za kamera ya kasi, kwani hesabu isiyopimwa na ukweli haitoshi.

Haya yanakuhusu wewe msomaji, hasa ikiwa familia yako inaishi kwa kipato cha printa moja. Wino na tundu vimepimwa kwa pamoja. Anayeongeza maji ili chupa idumu huufanya wino kuwa mwepesi na kuzidisha mvuto wa uso wake. Huokoa wino na kupoteza wateja. Anayetia wino usio wa printa yake huvuruga kipimo hicho hicho. Anayeiacha printa wiki nyingi bila kazi huuachia wino ukauke mdomoni mwa tundu, na ndipo mistari myeupe huzaliwa. Chapisha ukurasa mmoja wa rangi zote kila wiki, ifunike printa isipate vumbi wakati wa kiangazi, na usiamrishe usafishaji mara kwa mara bila sababu, maana kila usafishaji hunywa wino.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kwa mwenye printa, kibaba hicho hujazwa, au humwagwa, tone kwa tone.