Jua, Vumbi na Kiganja

Kitendawili!

Tega, mmesema. Haya: hashikwi na mtu, lakini hupasuka mapema kuliko anayeshikwa kutwa.

Mmetaja kioo, mmetaja taa, mmeshindwa. Nipeni mji. Sumbawanga? Nimeupokea, tena mmechagua vizuri, tutauhitaji baadaye. Jibu ni dashibodi ya gari.

Nendeni stendi ya hapa Mpanda mkachungulie gari lolote aina ya Noah lililokula miaka. Usukani umeshikwa na viganja vya madereva tangu alfajiri hadi usiku, na bado ni mzima; umeng'aa tu. Dashibodi, ambayo hakuna mwenye haja nayo ila kuifuta, ina ufa unaoanzia karibu na kioo. Kosa lake nini?

Dashibodi nyingi zimevikwa ngozi ya plastiki iitwayo PVC. Mnaijua: mabomba mengi ya maji yametengenezwa kwa plastiki hiyohiyo, na bomba ni gumu, halikunjiki. Ili iwe laini, kiwandani huichanganya na mafuta maalumu. Mafuta hayo hayajaungana nayo kabisa, yamejipenyeza tu, na joto likipanda huanza kutoroka. Chapati iliyokandwa kwa mafuta huikunja utakavyo; iliyokauka ukiikunja inakatika. Ndivyo dashibodi inavyoishia.

Na joto lipo. Fikirieni mwezi wa Oktoba hapa Mpanda, mvua bado haijaja, gari limeegeshwa juani vioo vimefungwa. Nje ni nyuzi 32. Baada ya saa moja hewa ya ndani inaweza kupita nyuzi 50, na dashibodi yenyewe, kwa kuwa ni nyeusi na imelala chini ya kioo, ikapita 70. Mwanga huingia bila hodi, dashibodi huumeza na kuugeuza joto, kisha joto linakosa pa kutokea. Mafuta yanayotoroka nayo hayaendi mbali, mengine hutua kwenye kioo cha mbele upande wa ndani. Ule utando wa ukungu ambao kondakta huufuta leo na kesho akaukuta tena, sehemu yake ni dashibodi inayohama kidogo kidogo.

Hapo mjanja mmoja ataniuliza: si miale ya urujuanimno ndiyo inayochakaza plastiki? Ni kweli, miale hiyo hukata minyororo myembamba inayoifanya plastiki ishikamane. Lakini kioo cha mbele kina hadithi yake. Mwaka 1903 Mfaransa Édouard Bénédictus aliangusha chupa maabarani kwake. Ikapasuka lakini haikutawanyika, kwa sababu ndani ilibaki na utando uliokauka wa dawa iliyokuwamo. Akapata wazo la kuweka utando katikati ya vioo viwili, na mwaka 1909 akachukua hataza. Vioo vya mbele vya leo vimejengwa hivyohivyo, na utando wa plastiki uliomo huzuia karibu miale yote ya urujuanimno. Kwa hiyo kinachoiua dashibodi zaidi ni joto.

Vioo vya ubavuni ni vingine. Hivyo huimarishwa kwa moto ili vikivunjika viwe punje, na kwa kawaida havina utando katikati. Miale mingi hupita humo ikatua kwenye siti na milango. Sasa ndipo tunapouhitaji mji mlionipa.

Kutoka Mpanda kwenda Sumbawanga, kupita Sitalike, unaelekea kusini. Dereva wetu hukaa kulia. Gari likiondoka Mpanda asubuhi, jua liko mashariki, yaani kushoto kwa dereva. Likigeuza alasiri kurudi kaskazini, jua limehamia magharibi, na magharibi sasa ni kushoto tena! Siti za kushoto huchomwa kwenda na kurudi. Gari linalolala Sumbawanga huona kinyume chake: asubuhi linapanda kaskazini jua likiwa kulia, alasiri linarudi kusini jua likiwa kulia vilevile. Tazameni vitambaa vya siti vimepauka upande gani, mtakisia gari hulala mji gani. Chukueni daftari mchore ramani kama hamniamini. Ila lenye tinti nzito au mapazia litawadanganya.

Vumbi nalo lina kazi yake. Barabara kuu za kutoka Mpanda kwenda Sumbawanga na Tabora zina lami, lakini chepuka kuingia Hifadhi ya Taifa ya Katavi wakati wa kiangazi, uone. Humo dereva ana shauri gumu: akifungua vioo anaingiza vumbi na mbung'o, akivifunga anapikwa. Vumbi linaonekana jepesi, lakini ndani yake mna chembe za mchanga wa madini yaitwayo quartz, magumu kuliko kioo, sembuse plastiki. Anayefuta dashibodi kwa kitambaa kikavu huku akisugua kwa nguvu anaikwaruza kwa mkono wake mwenyewe. Kitambaa kiloweshwe kwanza, kibebe zile chembe badala ya kuziburuta. Dawa ya kung'arisha inapendeza macho, sikatai, ila haizibi ufa.

Basi viganja havina dhambi? Vinazo, ila zao ni za polepole. Usukani una vinundu vidogo. Jasho na mafuta ya mikono huvilainisha, msuguano huvilaza, na mahali palipolala panarudisha mwanga: ndiyo kung'aa kule. Siti ya dereva hubonyea ukingo wa kulia, kwa kuwa ndiko anakoteremkia. Pedali ya breki huvaa mpira wenye mistari, na mistari hiyo hufutika kwa kukanyagwa.

Siku mtakapokwenda na mzazi kununua gari lililotumika, muuzaji atawaonyesha kwanza mita ya kilomita. Mita inaweza kurudishwa nyuma na fundi asiye mwaminifu. Nyinyi inameni chini miguuni. Ikiwa mita inasoma kilomita 40,000 huku mpira wa breki umelika hadi chuma kinachungulia, mwulizeni kwa adabu: shikamoo mzee, mpira huu umeliwa na nani?