Je, Wajua? Nyotamkia ni barafu, lakini vumbi lake lilipikwa motoni

Ndani ya nyotamkia, gimba la barafu kutoka pembezoni mwa Mfumo wa Jua, mna madini yaliyoundwa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 1,000 za Selsiasi.

Ushahidi uliletwa na chombo cha Marekani, Stardust. Tarehe 2 Januari 2004 kilipita karibu na nyotamkia Wild 2 na kunasa vumbi lake. Punje zilikigonga kwa kasi ya kilomita 6 hivi kwa sekunde. Zilipokewa na erojeli, kitu kigumu ambacho karibu chote ni hewa. Januari 2006 mzigo huo ulitua katika jangwa la Utah.

Punje nyingi ni nyembamba kuliko unywele. Zina olivini na pirokseni, madini yanayopatikana pia katika miamba ya volkano duniani. La ajabu zaidi ni vipande vyenye kalsiamu na alumini kwa wingi. Vitu vya aina hiyo ndivyo vikongwe kuliko vyote vilivyoundwa katika Mfumo wa Jua, na chimbuko lake ni karibu na Jua lilipokuwa changa. Wild 2 ilijikusanya mbali, kwenye baridi kali. Basi vumbi lilisafirishwa kutoka kitovuni hadi ukingoni.

Vumbi la nyota zilizolitangulia Jua lilitarajiwa kuwa tele. Lilipatikana, ila kidogo sana.

Mwaka 2009 ilitangazwa kuwa sampuli hizo zina glisini pia, asidi amino ambayo viumbe hai huitumia kujenga protini.