Je, Wajua? Mto Mkavu wa Kola Una Maji

Je, wajua kwamba karibu na Kola, kusini mwa mji wa Machakos, mto unaweza kuonekana mkavu kumbe umejaa maji? Wanavijiji, wakiwemo wa kikundi cha Utooni kilichoanzishwa mwaka 1978, hujenga ukuta wa mawe na saruji kukinga mto wa msimu. Mvua ikinyesha, mchanga hujaa nyuma ya ukuta na maji hukaa katikati ya chembe zake, jua lisiyafikie kwa urahisi. Chimba kwa mikono: juu mchanga wa moto, chini unyevunyevu, halafu maji baridi yanaanza kujaa shimoni.

Kwenda kujionea hayo kunafurahisha; basi kwa nini tuamini kwamba matembezi ya kufurahisha lazima yawe ya Diani au Maasai Mara? Mtu atasema kwamba kwa anayepakia punda mitungi hapo kila asubuhi, hiyo ni kazi, si starehe. Ni kweli. Lakini maji yakisogea karibu, muda wa kupumzika hupatikana, na hata mchapakazi hustaajabia alichojenga. Nenda Septemba, kabla ya mvua za vuli, na uombe ruhusa kwanza. Hayo ni maji ya kunywa ya watu.