Je, Orofa za Juu Zaweza Kuziponda za Chini?

Utangulizi

Mnamo tarehe 11 Septemba 2001, majumba mawili ya World Trade Center jijini New York, kila moja likiwa na orofa 110, yaligongwa na ndege zilizokuwa zimetekwa nyara. Jumba la kusini liliporomoka dakika 56 baada ya kugongwa. Lile la kaskazini lilisimama kwa dakika 102, kisha nalo likaanguka. Tangu siku hiyo limezuka swali ambalo limewashughulisha wahandisi na raia wa kawaida vilevile. Yawezekanaje orofa 12 za juu kuziangusha zaidi ya 90 zilizo chini yake, ilhali hizo za chini ndizo zilizozibeba kwa karibu miaka 30 bila kutetereka? Wapo walioliona jambo hilo kuwa muhali, wakashikilia kuwa lazima baruti ilitegwa ndani. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jambo hilo lawezekana, na kwamba ugumu wa swali unatokana na namna linavyoulizwa.

Uzito uliotulia na uzito unaoanguka

Tumchukue hamali wa sokoni. Gunia la mahindi la kilo 90 likishushwa polepole begani mwake, atalibeba na kwenda nalo. Gunia hilo hilo likiachiliwa kutoka juu ya lori, umbali wa mita moja, litamvunja. Kilo hazikuongezeka. Kilichoongezeka ni kani inayohitajika ili kulisimamisha. Iwapo gunia limeanguka mita moja na mwili wa hamali una nafasi ya sentimita 5 tu ya kulizuia, basi kwa wastani atakabiliwa na kani ipatayo mara 21 ya uzito wa gunia, yaani karibu tani 2. Hata kama gunia halikuanguka umbali wowote, bali limeachiliwa kwa ghafla tu juu ya bega, kani hiyo huweza kufikia maradufu ya uzito wake.

Jengo halina tofauti na hamali huyo. Nguzo zake hupimwa kwa uzito uliotulia, na mhandisi huongeza kiasi fulani cha nguvu za akiba. Akiba hiyo huwa maradufu au zaidi kidogo. Haiwi mara 20. Katika majumba ya New York, kimo cha orofa moja kilikuwa karibu mita 3.7. Kitu kikianguka umbali huo bila kizuizi hufikia mwendo wa takriban kilomita 30 kwa saa. Zdeněk Bažant, mtaalamu wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha Northwestern, alipiga hesabu hiyo katika makala yaliyochapishwa mwaka 2002. Alichukua makusudi hali iliyo nafuu zaidi kwa jumba, kwamba pigo lote liliangukia nguzo zenyewe. Hata hivyo, alikadiria kuwa nishati ya sehemu iliyoanguka ilizidi mara 8 ile ambayo nguzo zingeweza kuimeza kwa kupindika.

Orofa za chini hazipigani kwa pamoja

Msomaji anaweza kuuliza: je, orofa 90 hazina nguvu kuliko 12? Hapa ndipo penye kosa la swali. Sehemu ya juu haikukutana na orofa 90 kwa wakati mmoja. Ilikutana na moja, ikaivunja, kisha ikaikuta ya pili. Kila sakafu ilijengwa ibebe watu, samani na uzito wake yenyewe, na kuupeleka mzigo huo kwenye nguzo kupitia viungo vya pembeni. Haikujengwa ibebe sakafu zilizo juu yake. Hiyo ni kazi ya nguzo.

Taasisi ya serikali ya Marekani iliyochunguza mkasa huo, NIST, ilikadiria kwamba viungo vya sakafu moja vingeweza kuhimili uzito wa sakafu nyingine 11 iwapo zingewekwa polepole, au 6 iwapo zingewekwa kwa ghafla. Juu ya mahali palipoanzia mporomoko palikuwa na orofa 12 katika jumba la kaskazini na 29 katika jumba la kusini. Kwa hiyo sakafu ya kwanza kupigwa haikuwa na uwezo wa kuzuia mzigo huo. Ya pili ilikabiliwa na mzigo ule ule pamoja na mabaki ya ya kwanza. Isitoshe, sakafu ndizo zinazozishika nguzo kwa pembeni zisipinde. Sakafu zikiondoka, nguzo ndefu isiyo na mshiko hupinda kwa urahisi, hata ikiwa nene.

Hoja ya Newton

Wanaopinga maelezo haya huitaja kanuni ya tatu ya Newton: kila kani ina mjibizo ulio sawa nayo. Basi, wanasema, sehemu ya juu ingepaswa kuvunjika kadiri ile ya chini inavyovunjika, na mporomoko ungekoma baada ya orofa chache. Ni kweli kwamba kani hizo mbili ni sawa, na ni kweli kwamba sehemu ya juu nayo huvunjika. Lakini kuvunjika si kutoweka. Gunia likipasuka likiwa hewani, mahindi yatakayomwangukia hamali bado ni kilo 90. Baadhi ya mabaki humwagika nje ya jengo, ila yanayobaki ndani huendelea kuvutwa na dunia na kuongezeka kwa kila sakafu inayoachia.

Nchini Ufaransa wabomoaji hutumia mbinu iitwayo vérinage. Kuta za orofa ya katikati husukumwa kwa jeki hadi zikubali, sehemu ya juu ikaanguka, na jengo lote likajiponda lenyewe bila baruti. Majengo hayo kwa kawaida ni ya kuta za zege, si ya nguzo za chuma, hivyo mbinu hii haithibitishi kila kitu kuhusu New York. Inathibitisha tu kwamba jambo lililodhaniwa kuwa muhali hufanywa kwa makusudi.

Mporomoko unapoanza na usipoanza

Haimaanishi kwamba kila jengo linalopigwa huanguka. Tarehe 28 Julai 1945, ndege ya kijeshi iligonga jumba la Empire State, pia mjini New York, na watu 14 wakafa. Jumba halikuporomoka, kwa kuwa nguzo zilizobaki ziliendelea kuushika uzito wa juu, nao haukupata nafasi ya kuanza kushuka. Kinyume chake, tarehe 16 Mei 1968, mlipuko wa gesi katika orofa ya 18 ya jumba la Ronan Point, London, ulisukuma nje ukuta mmoja tu. Orofa zilizokuwa juu yake zikakosa mhimili, zikaanguka, na kuzibomoa za chini katika kona hiyo. Watu 4 walikufa. Vipande vya zege vya jumba hilo vilikuwa vimeungwa kwa viungo dhaifu, na mzigo haukuwa na njia nyingine ya kupitia. Baada ya hapo, Uingereza ilibadilisha kanuni zake ili hitilafu ndogo isiangushe sehemu kubwa ya jengo.

Hitimisho

Orofa za juu zaweza kuziponda za chini, mradi orofa nzima ikose nguvu kwa pamoja na uzito upate nafasi ya kuanguka. Ukishaanza kushuka, nguvu za akiba za orofa za chini huwa zimechelewa. Kwa hiyo usalama hutegemea hali ya awali: ubora wa zege, nguzo, na viungo. Wakenya walioshuhudia jengo la Huruma, Nairobi, likiporomoka tarehe 29 Aprili 2016 na kuua watu zaidi ya 50 hawahitaji kukumbushwa gharama ya kupuuza misingi. Anayeongeza orofa nje ya ramani iliyoidhinishwa haongezi vyumba vya kupangisha tu. Anawatwika wapangaji wa chini mzigo ambao, siku utakapoanza kusonga, hakuna sakafu itakayouzuia.