Miguu inawaka usiku, moyo nao unachoka

Juma hili tunaongea tena juu ya ugonjwa wa sukari. Hatutaongea juu ya chakula, maana hayo mmeyasikia sana. Tunataka kuongea juu ya yale yanayokuja nyuma, sukari ikikaa juu kwa miaka: mishipa ya fahamu ya miguu inaharibika. Wengine wanasikia moto kwenye nyayo, wengine kama wadudu wanatembea chini ya ngozi, wengine hawasikii tena kitu. Karibu nusu ya watu wenye sukari wanafika hapo siku moja.

Usiku ndio mbaya. Mchana mama yuko sokoni, anapima unga, anabishana na wateja, na maumivu yanajificha kidogo. Nyumba ikishanyamaza, hata shuka ikigusa vidole inakuwa kama miiba. Asubuhi macho ni mekundu, lakini mguu ukitazamwa hauna kidonda wala uvimbe. Hapo maneno yanaanza: anajifanya, amekuwa mvivu. Na kuna neno baya zaidi tunalolisikia Beni na Butembo, kwamba alikanyaga dawa iliyotegwa njiani, ama jirani alimpa sumu. Familia inauza mbuzi ili kumtafuta aliyefanya, huku sukari inaendelea kupanda. Kwa maoni yetu, maneno hayo yanaumiza kuliko miguu yenyewe. Mgonjwa asiyeaminiwa nyumbani ananyamaza, na akinyamaza haendi hospitali.

Tusishangae basi moyo ukivunjika. Mwenye sukari anaweza kushikwa na huzuni nzito karibu mara mbili kuliko asiye nayo. Mtaijua hivi: mama hapiki tena kwa furaha, haji kwenye likelemba, anawakaripia watoto kwa kitu kidogo, anaacha dawa akisema ni sawa tu. Hapa kwetu mioyo tayari imebeba mengi. Mauaji katika eneo la Beni yanaendelea tangu 2014, na Ebola ya 2018 hadi 2020 iliua watu zaidi ya 2,200. Aliyezika mtoto, ama aliyekimbia kijiji chake, anaona haya kulia juu ya miguu. Sisi tunamwambia alie. Machozi hayana foleni.

Wakati wa Ebola tulizoea kuwaona washauri wakikaa na familia na kuwasikiliza. Ushauri wa namna hiyo si wa Ebola tu. Ulizeni kwenye kituo cha afya ama hospitalini kama kuna msaikolojia. Mama akisema hataki tena kuishi, msimwache peke yake na msingojee kesho, mpelekeni siku hiyo hiyo.

Juu ya dawa: zipo za kutuliza maumivu ya mishipa. Moja inaitwa amitriptilini. Ilianza kama dawa ya huzuni, na daktari anaitoa kidogo kidogo, usiku. (Kuna mabwana wanaosoma karatasi ya dawa na kutangaza kwamba mke amepata wazimu. Hapana, baba, ni miguu yake.) Tena, metiformini ikinywewa miaka mingi inaweza kupunguza vitamini B12, na upungufu huo nao unaleta ganzi. Msiache dawa, lakini mwulizeni daktari.

Mguu usiosikia unatisha kuliko unaouma. Butembo iko juu ya meta 1,700, baridi yake mnaijua, na jioni kila mtu anasogeza miguu kwenye mbabula. Mwenye ganzi anaungua bila kujua, anaona lengelenge asubuhi. Avae soksi, aache makaa. Na kwa wale wanaolala wakisikiliza risasi: viatu vya kufunga vikae karibu na kitanda, navyo vikung'utwe kabla ya kuvaliwa. Kukimbia miguu wazi gizani ni vidonda ambavyo mtu atavigundua siku ya tatu.

Kuna jaribio ambalo binti anaweza kumfanyia mama yake, bila chombo. Lilitoka Ipswich, Uingereza. Mama anafumba macho. Unagusa kwa ncha ya kidole, polepole, bila kukandamiza, sekunde moja ama mbili: kidole gumba cha mguu, cha katikati na kile kidogo, miguu yote miwili. Kila akisikia anasema kulia ama kushoto. Akikosa viwili ama zaidi kati ya sita, aende akapimwe, na miguu itazamwe kila jioni, hata kati ya vidole.

Mkutano ujao tutalifanya wawili wawili. Mje na soksi safi, na bwana akikubali, aje naye aguse kwa mkono wake.